Mgeni aliniuliza "wanasema nini?" nikakosa jibu

Tulikuwa tumekaa uani kwa shangazi, Kondoa, upande wa wanawake, mi na mgeni wangu tumebanana kwenye mkeka mmoja, watoto wawili wamemlalia miguuni utadhani wamemjua miaka yote, na huko mbele chini ya turubai wanaume wanasoma Barzanji kwenye spika, sauti inapanda inashuka, ndo mgeni akaniinamia sikioni akaniuliza taratibu kabisa, wanasema nini?

Nikafungua mdomo, nikafunga.

Maneno yenyewe nayajua. Muda uleule anauliza nilikuwa nayafuatisha midomoni. Barzanji nimeianza nikiwa na miaka sita au saba, mlango wa kwanza mpaka wa mwisho, ukinishtua usingizini ukanitajia nusu ya mstari nakumalizia nusu nyingine. Lakini maana yake? Nikamwambia wanamsifu Mtume, wanasoma habari za kuzaliwa kwake. Akaitika vizuri tu, akarudi kusikiliza. Mi ndo sikurudi. Nilikaa pale najiuliza, hivi katika maisha yangu yote nimeshawahi kumuuliza mtu yeyote swali hilo alilouliza huyu mama kwa dakika tano alizokaa hapa?

Nieleze kidogo alivyofika. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu wa fasihi, katoka Welisi, ile nchi ndogo iliyo pembeni ya Uingereza ambayo wenyewe hawapendi kabisa ukiwaita Waingereza, wana lugha yao na nyumbani kwake ndo anayoongea. Mtoto wake anafanya kazi hapa Dodoma na ni mpangaji wa jirani yangu, kwahiyo mama alipokuja kumtembelea tukazoeana, jioni anakuja kukaa kibandani kwangu Majengo, nina kastesheneri kangu pale, nachapa, natoa kopi, naandika barua za watu. Alikuwa anataka sana kwenda Kolo kuona michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na mi kwetu ni Kondoa, nikamwambia mama hiyo niachie mimi. Siku hizi lami imenyooka mpaka Babati, zamani safari hiyo ilikuwa unafika nywele zote nyekundu vumbi. Kolo tulifika, tulipanda, tuliona, aliipenda sana ile michoro, alikaa mbele ya jiwe moja karibu saa nzima bila kupiga hata picha. Ila leo sitaki kuandika habari za Kolo.

Kilichotokea ni kwamba tulipanga kulala kwa shangazi, na siku ile ndo ilikuwa siku yake ya maulidi, maana kwetu Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukiingia kila nyumba inachagua usiku wake. Nikampigia simu shangazi nikiwa na wasiwasi, nikamwambia niko na mgeni mzungu, si Muislamu, kama haitafaa tutalala gesti. Akanijibu, "Mwanangu, mtu aliyefika siku ya maulidi amefika kwenye maulidi, wewe mlete." Tulipofika akamtolea khanga mpya kabisa doti nzima, akamfunga mwenyewe, moja kiunoni moja kichwani, akamkalisha.

Sasa kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye maulidi ya nyumbani ya huku bara nimweleze. Kuna chetezo kinazungushwa kina ubani na udi, moshi unakuingia mpaka kwenye nguo za ndani, kesho yake bado unanukia. Msomaji mmoja anasoma mlango, akimaliza anapokea mwingine, kila mmoja na sauti yake, wazee wanasoma polepole wanavuta, vijana wana mahadhi mapya waliyoyatoa kwenye simu. Katikati wanaweka kasida na dufu, vijana wa kanzu nyeupe wamepiga magoti mstari mmoja wanayumba kulia kushoto kama mtama ukipigwa na upepo. Kisha kinafika kisomo cha kuzaliwa, watu wote wanasimama, hata bibi anayeumwa magoti ananyanyuliwa, na hapo ndo inakuja *Ya Nabii salaam alaika*, na kusema ukweli sijawahi kusimama kwenye kiyamu macho yakabaki makavu. Mgeni naye alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

Na kuna mrashi.

Mrashi wa shangazi ni wa shaba, tumbo mviringo, shingo ndefu nyembamba, kichwani una vitundu kama vya pilipilimanga, na pembeni una kibonyeo tangu ulipodondoka siku ya harusi ya kaka yangu mkubwa. Nilipokuwa mdogo kazi yangu mimi kwenye maulidi ilikuwa hiyo. Napita kwa kila mtu namnyunyizia kiganjani, anajipaka usoni na kwenye kanzu, naenda kwa mwingine. Nilijua lini nianze. Kila mlango ukiisha wanaitikia wote kwa pamoja *Attiri llahumma qabrahul kariim, bi'arfin shadhiyyin min swalatin wa tasliim*, na hapo ndo nanyanyuka. Kwangu ile *attiri* ilikuwa kama kengele ya shule. Nilinyanyuka kwa hiyo sauti miaka kama sita hivi mpaka nikakua akapewa mtoto mwingine.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia mgeni twende kwa mwalimu wangu.

Mwalimu wangu wa chuoni, yani madrasa ya utotoni, bado yupo, macho hayaoni vizuri tena lakini masikio na kichwa viko sawasawa, anakaa nje chini ya mwembe kwenye mkeka wake na redio. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akanijua kwa sauti, akaniitikia na jina la utotoni. Nikamwambia nimekuja na mgeni, na jana ameniuliza swali nikashindwa, basi nimekuja kuliuliza kwako. Mwalimu, *attiri llahumma* maana yake nini?

Akanyamaza kidogo. Afu akaniambia neno kwa neno. *Attiri* ni tia manukato, ndo atri hiyohiyo tunayonunua dukani. *Llahumma*, ewe Mola. *Qabrahul kariim*, kaburi lake tukufu. *Bi'arfin shadhiyyin*, kwa harufu nzuri inayosambaa. *Min swalatin wa tasliim*, itokanayo na sala na salamu. Ee Mola, litie manukato kaburi lake tukufu, kwa harufu nzuri ya sala na salamu zetu.

Nilikaa chini. Yani mi miaka yote ile nanyanyuka na mrashi mkononi, mtoto wa miaka saba, namwaga marashi kwenye viganja vya watu, na wakati huohuo watu wote wanamuomba Mungu alitie marashi kaburi lililoko Madina, na sala zao ndo marashi yenyewe. Kumbe nilikuwa ndani ya ubeti, mimi na mrashi wangu wenye kibonyeo, na sikujua.

Nikamuuliza kwanini hukutufundisha maana. Akasema, "Nyie mlikuwa watoto arobaini na mimi mmoja, na mvua ikinyesha wote mnaitwa shambani. Nikasema kwanza iingie kichwani, maana mtakuja kuiuliza wenyewe. Umechelewa kidogo tu." Sikuona dawa ya kumjibu.

Tulikaa pale mpaka adhuhuri, mi natafsiri huku na huku mpaka koo likakauka, mke wa mwalimu katuletea chai ya tangawizi na karanga, mgeni naye katoa zabibu tulizonunua Dodoma asubuhi ya safari. Na hapo ndo nikapata darasa ambalo sijawahi kulipata.

Kwanza Barzanji yenyewe, nilikuwa naiita jina la kitabu, kumbe ni jina la mtu, Sayyid Jaafar al-Barzanji, alikuwa mufti wa Kishafi huko Madina karne ya 18. Yani aliyeomba kaburi litiwe manukato alikuwa anaishi mji huohuo ambao kaburi lipo! Tena si shairi kwa maana ya mizani, ni nathari yenye vina, mwalimu akanisomea mwanzo wake nisikilize upya, kituo kimoja kinaishia *-iyyah*, kinachofuata kinaishia *-ah*, kinarudi *-iyyah*, hivyo hivyo kitabu kizima. Na pale mwanzoni kabisa mtunzi anasema anamsifu Mungu huku amepanda vipando vya shukrani njema, kama msafiri juu ya ngamia. Mi hapo mahali nilikuwa napapita mbio kwa sababu ni pagumu kutamka.

Mgeni akauliza, kuna nyingine? Maana ye alishasoma kidogo tafsiri za washairi wa Kiarabu wa zamani, akamtaja al-Mutanabbi, aliyezaliwa 915 akauawa 965, kwamba alimsifu sana mtawala wa Halab aliyeitwa Sayf al-Dawla, baadaye akahamia Misri kumsifu Kafur kwa matumaini ya kupewa jimbo atawale, alipoona hapewi akaondoka na kumtungia matusi makali. Akauliza, sasa sifa hizi za jana usiku na zile za yule, ni ndugu?

Mwalimu alilipenda hilo swali mpaka akazima redio.

Akasema ni ndugu, na kuna kasida inayolijibu swali hilo humohumo ndani yake. Burda. Aliyeitunga ni Sharafuddin al-Busiri wa Misri, karne ya 13, beti kama 160, zote kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho zinaishia na herufi mim, *-mi, -mi, -mi*. Kisa chake wengi tunakijua juujuu. Alipigwa na kiharusi, nusu ya mwili ikalala, akatunga kasida hii kumsifu Mtume na kuomba shifaa, yani amuombee kwa Mungu, akalala, akamuona Mtume ndotoni anampangusa kwa mkono wake na kumfunika burda, yaani joho, akaamka mzima anasimama. Ndo jina likatoka hapo.

Ila mwalimu akasema joho la Busiri ni la pili. La kwanza alipewa Kaab bin Zuhair, yeye alipewa na Mtume mwenyewe akiwa hai. Huyu Kaab alikuwa mshairi anayewatungia Waislamu kejeli, damu yake ikahalalishwa, akaja mwenyewe Madina kwa siri akasilimu, akasoma kasida yake mbele ya Mtume, na haianzi na Mtume wala na msamaha, inaanza na mwanamke, *Banat Suaad*, Suaad ameondoka, moyo wangu leo ni mgonjwa. Mtume akamsikiliza mpaka mwisho akavua joho lake akampa.

Mgeni aliposikia joho akanishika mkono nisiendelee kutafsiri. Akasema kwao mshairi anapewa kiti. Mwaka 1176 bwana mmoja wa Welisi, Rhys, aliita mashindano ya washairi na wapiga muziki kwenye ngome yake ya Cardigan, washindi wakapewa viti, na mpaka leo kwenye tamasha lao la Eisteddfod anayeshinda kwa shairi la kanuni za zamani anakalishwa kwenye kiti kilichochongwa kwa ajili yake mbele ya watu wote. Na washairi wao wa kale kazi yao ilikuwa hiyohiyo, kumsifu bwana aliyewalisha. Mwalimu akauliza, "Hicho kiti anaenda nacho nyumbani?" Ndiyo, anaenda nacho. "Basi hao watu wanajua heshima."

Afu mgeni akamsomea shairi la kwao. Pale mkekani, kwa lugha yao, hakuna aliyeelewa neno. Akatueleza kwamba wao konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari zinajirudia kwa mpangilio kwenye nusu ya pili, wanaita *cynghanedd*, na nikamwambia sisi tuna vina vya kati na vina vya mwisho, mizani nane kwa nane. Mwalimu alikuwa anapiga kidole kwenye mkeka kufuata mapigo yake, akafumba macho, shairi lilipoisha akasema, "Asome tena." Ikabidi asome tena. Hapo ni mwalimu sasa ndo aliyeuliza, anasema nini?

Turudi kwenye Burda, maana sijafika panaponiuma.

Mwanzo wake mwalimu alitupa beti mbili. Wa kwanza mtunzi anajiuliza mwenyewe, je ni kwa kuwakumbuka majirani wa Dhu Salam ndo umechanganya machozi yanayokutoka na damu? Wa pili, au ni upepo umevuma kutokea upande wa Kadhima, au umeme umemulika gizani kutokea Idam? Mgeni akasema huu mwanzo ni mzuri lakini hajui kwanini umeme. Mi nilijua. Mtu wa Dodoma anajua. Mwishoni mwa mwaka, joto limekaba, mvua hazijaanza, usiku unatoka nje unaona umeme unamulika mbali kabisa bila ngurumo, na kila mtu anauliza, ule ni upande gani? Ni Kondoa? Ni Mpwapwa? Na kama una watu wako upande huo moyo unakwenda huko. Mi mara ngapi nimesimama nje ya nyumba yangu Dodoma naangalia umeme wa kaskazini nikasema leo kwa shangazi kunanyesha. Majina yale ni ya Uarabuni, sijawahi kufika, lakini yule bwana kusimama gizani anaangalia upande waliko wapenzi wake, hilo halikuhitaji mkalimani.

Halafu mwalimu akaruka mpaka mlango wa tisa. Akasema sikilizeni Busiri anavyosema. *Khadamtuhu bimadiihin astaqiilu bihi, dhunuba umrin madha fish-shi'ri wal-khidami*. Nimemtumikia kwa sifa, ili nisamehewe dhambi za umri uliopita kwenye ushairi na utumishi. Maana Busiri kabla ya hapo alikuwa karani, na alikuwa anawatungia mashairi wakubwa. Alizijua sifa za kulipwa kutoka ndani. Na mwishoni mwa mlango huohuo anasema, sikutaka ua la dunia lile lililochumwa na mikono ya Zuhair kwa kumsifu Harim. Zuhair huyo ni nani? Baba yake Kaab! Mshairi mkubwa kabla ya Uislamu, alimsifu Harim bin Sinan, mmoja wa waliobeba diya, fidia ya damu, kutoka mifukoni mwao ili vita ya makabila iishe, na Harim akamjaza mali. Yani Busiri anaangalia nyuma, anamuona baba aliyepata mali na mtoto aliyepata joho, na anachagua.

Mgeni alinyamaza muda mrefu. Mi pia, lakini kwa sababu yangu.

Nimesema nina stesheneri. Sijasema kwamba sehemu ya riziki yangu ni risala. Dodoma ni mji wa sherehe na wageni rasmi, kila wiki kuna uzinduzi, kuna mahafali, kuna kikundi kinampokea fulani, na watu wanakuja kwangu, dada tutungie risala, tutungie na shairi la beti sita, jina la mgeni rasmi ni hili, cheo chake hiki. Nauliza amefanya nini, wanasema we weka tu mchapakazi. Naweka mchapakazi, naweka jemedari, naweka mwanga wetu, vina vinakaa, mizani inakaa, napokea hela yangu. Mwaka juzi kikundi kimoja walikuja mgeni rasmi kabadilishwa usiku wa kuamkia shughuli, nikafuta jina moja nikaweka jingine na shairi likabaki vilevile, halikupungua kitu wala kuongezeka kitu, likasomwa, likapigiwa makofi. Nililiona jambo la kawaida kabisa mpaka pale chini ya mwembe.

Kwahiyo niliposikia *dhunuba umrin madha fish-shi'ri* sikuisikia kama habari ya Misri ya karne ya 13. Nikamweleza mwalimu yote, pale pale, mgeni anasikia asielewe. Mwalimu hakunikemea. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Katika hao wote uliowasifu, yupo uliyekuwa unamjua?" Nikamwambia hapana. Akasema basi anza na unayemjua.

Niongeze na hili. Najua kuna ndugu zetu wasioona sawa kusoma maulidi, na kwenye Burda kuna beti wanazikataa kabisa wakisema zimevuka mpaka wa sifa ya kiumbe. Kwenye ukoo wetu wapo, na usiku ule binamu yangu mwenye msimamo huo alikuja baada ya kisomo, akala na sisi, akamsalimia mgeni, akambeba bibi mpaka chumbani kwake. Sitaki ugomvi nao na hii si post ya ubishi. Ninachosema ni kwamba hata mimi ninayesoma nilikuwa sijui nasoma nini, na hata wao wengi wanaokataa hawajui wanakataa ubeti gani, na wazee wetu hawakuwa hivyo. Mwalimu alitukumbusha kasida nyingine ya Busiri huyohuyo, Hamziya, ambayo Sayyid Aidarus wa Pate aliitia Kiswahili ubeti kwa ubeti chini ya Kiarabu chake, na ni katika tungo za kale kabisa za Kiswahili tulizonazo. Yani moja ya kazi za mwanzo kabisa za ushairi wa kuandikwa wa lugha yetu ilikuwa ni mtu kajibu swali la mgeni wangu. Wanasema nini? Wanasema hivi.

Tuliporudi nyumbani nikamkuta shangazi anasafisha masufuria ya pilau. Nikakaa nikamsaidia, nikamwambia kwa furaha kabisa, shangazi, unajua *attiri llahumma* maana yake nini? Nikamweleza yote, kaburi, manukato, sala. Akaendelea kusugua.

"Sasa wewe ulidhani tunanyunyiza kwa ajili gani?"

Alikuwa anajua! Shangazi yangu hajui kusoma herufi hata moja, ya Kiarabu wala ya Kizungu, alifundishwa na mama yake, naye bibi nafikiri aliambiwa na walimu wale waliokuja zamani na njia za misafara kutoka pwani. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Hukuniuliza. Nikakupa mrashi."

Mgeni alirudi kwao mwezi uliofuata. Alinitumia ujumbe wa sauti, amejifunza kiitikio cha Burda, *Maulaya swalli wa sallim daaiman abada*, anakisoma na lafudhi ya kwao, ile *r* ya *khairil khalqi* anaizungusha ulimini mpaka inapendeza kuliko yetu. Nimemwekea mwalimu spika ya simu sikioni akasikia. Akaomba arudiwe.

Risala sijaacha, nina watoto wanasoma. Ila sasa namuuliza anayekuja, huyu mtu kafanya nini hasa mlichokiona kwa macho, na kama hana jibu namuandikia risala ya taarifa tu, shughuli, bajeti, maombi, shairi hapana. Wateja wawili wameshaondoka. Mmoja alikaa, akafikiri, akaniambia yule mama aliwaletea maji kisimani kwao mwaka ambao pampu iliharibika, alikuja mwenyewe na fundi, akashinda nao na njaa mpaka usiku pampu ikawaka. Hilo niliandika. Beti sita zilitoka kwa saa moja.

Na Ijumaa iliyopita nilialikwa maulidi Chang'ombe, nikakaa nyuma karibu na mlango. Mwenye mrashi alikuwa binti wa miaka minane hivi, kashungi keupe, ana haraka, anadondoshea watu tone moja anakimbilia mwingine kama nilivyokuwa nafanya mimi. Alipofika kwangu wakawa ndo wanaitikia. Nikamshika kiganja nikamwinamia, nikamwambia unajua wanasema nini hapo? Akatikisa kichwa. Nikamwambia wanamuomba Mungu atie marashi kaburi la Mtume, kule Madina, na wewe ndo unamwaga huku. Akaniangalia. Akauangalia mrashi. Akauinamisha tena kwenye kiganja changu, polepole, mpaka kikajaa.